Chai ya kusuuzia nywele: mazungumzo na wasusi wa Tanga

Ndugu mwenyekiti, dada zangu na kaka zangu wasusi, wenye saluni na nyinyi mnaosukia barazani: wakubwa wetu shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Tumeombwa tuzungumzie chai. Ya kunywa iko nyuma pale na mandazi yake. Hii yetu ni ya kumwagia kichwani. Mteja anaingia saluni na simu mkononi, anakuonyesha video ya mtu aliyechemsha majani akajimwagia, anauliza kama na wewe unaweza. Unaweza. Kazi yenyewe ni rahisi, na ikifanywa vizuri nywele zinang'aa, hazifumukifumuki, na zinashikika vizuri kwenye msuko. Tatizo ni kwamba wengi wanaitumia kama dawa ya kuotesha nywele. Kwa kuwa wameiita dawa, wanaikoleza. Wanaiacha kichwani saa nzima, wanaiweka kwenye chupa ya kupulizia na kuipulizia asubuhi na jioni, halafu wanakuja kwako nywele zimekauka, zinakatikia kwenye chanuo.

Basi tuanze na kile ambacho chai inafanya hasa. Ni mambo matatu, na yote yanafanyika juu ya unywele, hayafiki kwenye kiini cha mzizi.

La kwanza ni uchachu. Unywele umefunikwa na magamba madogo sana yaliyolaliana kuelekea nchani, kama vigae vya paa. Ukiosha kichwa kwa sabuni ya mche, ambayo pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu unazidi, ni kama 9 hadi 10, unywele unavimba kidogo na yale magamba yananyanyuka. Ndiyo maana nywele zilizofuliwa kwa sabuni ya mche zinakwaruza na kufungana. Chai ya rangi ina pH inayokaribia 5, sawa tu na ya ngozi ya kichwa yenye afya. Ikipita juu ya unywele, magamba yanalala tena. Yakilala, mwanga unarudi vizuri na ndio huo mng'ao anaoutaka mteja. Vilevile unywele mmoja unateleza juu ya mwenzake badala ya kukwama.

La pili ni tanini. Mnaijua kwa ulimi: ni ule ukakasi wa chai iliyokaa mno kwenye majani. Ulimini tanini inashika protini za mate, ndiyo sababu mdomo unakauka. Unywele nao ni protini, unaitwa keratini, na tanini inaushika vivyo hivyo. Inaacha utando mwembamba unaofanya unywele uhisike mnene na imara kidogo. Kwa nywele laini zilizolegea hiyo ni neema. Kwa nywele za kipilipili zilizokauka tayari, tanini ikizidi inakuwa ndiyo adui, maana utando huohuo unaofanya unywele uwe imara unaufanya pia uwe mgumu, usipinde, ukatike.

La tatu ni rangi, na hapo hatuna haja ya kukaa sana. Chai nyeusi inaongeza weusi kidogo kwenye nywele nyeusi kwa siku chache. Kwenye mvi inaacha rangi ya manjano inayoelekea kahawia, na wazee wengi hawaipendi. Mteja mwenye mvi umwambie kabla hujamwaga.

Mtauliza: na kafeini? Kafeini imechunguzwa maabara, kwenye mizizi ya nywele iliyotolewa kichwani ikawekwa ndani ya vyombo, na huko ilionyesha dalili za kuusaidia mzizi kukua. Lakini mzizi uliolowekwa kafeini kwenye chombo kwa siku kadhaa na kichwa kilichomwagiwa chai kwa dakika tano ni vitu viwili. Msimwahidi mteja urefu. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, uwe na chai au usiwe nayo. Chai inachoweza ni kupunguza kukatika kwa zile zilizokwisha kuota, na hiyo nayo ni kazi ya maana: nywele isiyokatika ndiyo inayoonekana kurefuka.

Sasa tupike. Nitaeleza chai nyeusi kwa kirefu, kwa sababu ukiiweza hiyo nyingine zote ni kubadilisha vipimo.

Chukua majani ya kawaida ya dukani, yale ya chembechembe. Yawe ya hapo juu Usambara, ya Rungwe, Mufindi au Kericho, kwa nywele hakuna tofauti ya kulipia. Kwa kichwa chenye nywele za kufika mabegani, maji nusu lita na majani vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, visivyo na kilima. Hiyo ni kama gramu nne. Ukitumia vifuko, viwili vinatosha, maana kimoja huwa na gramu mbili hivi. Mnaona kwamba huo ni ukali wa kikombe cha kawaida cha chai ya rangi. Ndivyo inavyotakiwa. Chai ya kichwani haipaswi kuwa kali kuliko ya kunywa, na anayeweka vijiko sita eti ifanye kazi haraka anajitafutia tanini ya kukaushia nywele.

Chemsha maji kwanza peke yake, zima moto, kisha tia majani na ufunike. Usiyatokose majani ndani ya maji yanayochemka. Chembechembe hizi zimesagwa zitoe rangi upesi. Ndani ya dakika tano kafeini nyingi na rangi ya kutosha zimeshatoka, na kadiri unavyoendelea kuyaacha, kinachozidi ni ukakasi. Dakika tano, mwisho saba, chuja.

Kuchuja ndiko watu wanakofanya haraka. Chujio la chai la plastiki linapitisha vumbi la majani. Vumbi hilo likiingia kwenye nywele zilizojikunja halitoki kwa maji peke yake; kesho yake mteja anaona punje nyeusi kwenye foronya, au zimejipanga kwenye mistari ya twende kilioni alizosukwa, na anadhani ni chawa. Chuja mara mbili: mara ya kwanza kwa chujio, ya pili kwa kipande cha kanga kilichochakaa au kitambaa cha pamba safi. Vifuko vya chai vinapunguza tatizo hili, mradi usivikamue kwa nguvu vikapasuka.

Acha ipoe. Mimina matone kwenye sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono, kwenye mshipa. Usisikie moto wala baridi. Ngozi ya kichwa imetoka kusuguliwa, imelainika kwa maji, inaungua upesi kuliko vidole vyako vilivyozoea kazi. Ukiwa na haraka, weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Usiongeze barafu ndani ya chai, utaharibu kipimo.

Na tafadhali, chai iliyobaki kwenye chupa ya chai asubuhi haifai. Ina sukari, na sukari ikikauka kichwani inanata, inavuta vumbi na sisimizi. Ya maziwa ndiyo usiseme. Ya viungo, yenye tangawizi na mdalasini, inawasha. Mdalasini hasa unajulikana kwa kuchubua ngozi.

Neno kidogo juu ya chombo na maji, kwa sababu mambo mengi yanayolaumiwa kwa chai ni ya sufuria. Chai ikikutana na chuma inageuka nyeusi kama wino. Si mfano: wino wa zamani ulitengenezwa kwa tanini na chumvi ya chuma. Sufuria yenye kutu, bakuli la bati la rangi lililobanduka, au maji ya kisima yenye chuma yale yanayoacha doa la kahawia kwenye sinki, yote yatakupa chai nyeusi tititi inayopaka nywele, kucha na taulo. Tumia sufuria ya chuma cha pua au birika zima lisilobanduka. Sufuria zetu za alumini zinavumilia chai nyeusi, lakini rosela isikae humo. Ni chachu sana, inakula alumini. Mkiona sufuria imeng'aa ghafla baada ya kuchemshia rosela, mng'ao huo umetoka kwenye alumini iliyoliwa, nayo imeingia kwenye maji yenu.

Maji ya bomba ya hapa mjini yanatoka Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, hayana shida kubwa. Shida iko kwa wanaotumia visima vya pwani vilivyochimbwa kwenye miamba ya matumbawe, hapa kwetu, Unguja na Mombasa. Maji yale yana chokaa. Chai inafunga utando juu, wa kahawia wenye kung'aa kama mafuta, na ule uchachu tuliosema unapungua kwa sababu chokaa inauzima. Utando ukikaa kwenye nywele unazifanya ziwe za vumbivumbi. Kwa saluni yenye kisima cha namna hiyo, tumia maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kisha ukayachemsha, au nunua maji ya kunywa nusu lita. Haifiki gharama ya kondishena moja.

Tumefika kichwani. Osha kwanza kwa shampuu, suuza mpaka povu liishe. Chai inafanya kazi kwenye unywele safi. Ikikuta mafuta ya mgando itateleza juu yake na kwenda zake kwenye bomba la maji taka. Kamua nywele kwa taulo ziwe mbichi lakini zisidondoshe. Wengi wanaruka hatua hii. Nywele nzito zilizojaa maji zinabeba maji mengi sana, na chai ukiimwaga hapo inakuwa nusu chai nusu maji, halafu mnasema haikufanya kitu.

Gawa kichwa sehemu nne, bana tatu. Mlaze mteja nyuma, kitambaa kikavu juu ya macho. Mimina polepole kwa jagi lenye mdomo au chupa ya kukamulia, kuanzia sentimita mbili hivi kutoka ngozini kushuka nchani. Kinga beseni chini, uirudie chai hiyohiyo mara mbili au tatu kwenye kichwa hichohicho. Kichwa kingine, chai nyingine. Asiwepo mtu wa kukinga chai ya mteja wa saa nne akamwagia wa saa tano. Mapunye yanasafiri hivyo.

Mteja wa mara ya kwanza, dakika tatu mpaka tano. Ukiona nywele zake zimeipokea vizuri, safari nyingine unaweza kufika dakika kumi. Zaidi ya robo saa hakuna kinachoongezeka ila ukakasi. Wakati chai iko kichwani usipitishe chanuo. Tanini inafanya nywele zikwaruzane, na kuchana hapo ni kuzivunja kwa mkono wako. Suuza kwa maji ya baridi au vuguvugu, paka kondishena, acha dakika tano, ndipo uchane, kuanzia nchani kupanda juu. Chai inakuja kabla ya kondishena siku zote. Kuna wanaofunza kinyume chake, kwamba chai iwe ya mwisho na isisuuzwe. Kwa nywele laini zenye mafuta mengi pengine inapita. Kwa nywele za wateja wetu walio wengi ni kumrudisha mteja nyumbani na kichwa cha katani.

Mara ngapi? Kila wiki mbili kwa nywele zinazolegea upesi, mara moja kwa mwezi kwa nywele kavu. Na kuna kipimo kidogo cha kujua kama umezidisha. Chukua unywele mmoja uliolowa, ushike ncha mbili, uvute taratibu. Wenye afya unavutika kidogo na kurudi. Ukikatika hapohapo bila kuvutika, achana na chai kwa mwezi mzima, mpe stimingi, yaani mvuke, na kondishena ya kulainisha. Ukivutika mno usirudi, nywele zimeharibiwa na dawa au blichi. Chai itazifanya zihisike imara kwa siku mbili tatu, lakini haizitengenezi.

Tukizungumza dawa, hapa nawaomba muache simu. Dawa ya kunyoosha nywele ni kali mno, pH yake ni 12 na kuendelea. Kuna anayefikiri kwa kuwa chai ina uchachu, basi anaweza kuitumia kuizima dawa baada ya kuisuuza. Haiwezi. Uchachu wa chai ni mdogo sana kwa kazi hiyo. Kinachozima dawa ni shampuu yake maalumu inayokuja nayo kwenye boksi, na mkiiacha dawa ndani ya nywele mkaifunika na chai, itaendelea kula. Siku ya dawa si siku ya chai. Subiri wiki mbili, na kama kuna kidonda au ngozi iliyochunika, subiri ipone kwanza. Nywele zilizopakwa rangi ya kung'arishwa, hasa za dhahabu, zitapakwa rangi ya chai. Mjaribie kishungi kimoja nyuma ya sikio kwanza.

Kwa mwenye rasta au aliyeshonewa, tatizo ni kukauka. Chai inaingia ndani ya msuko, nywele za bandia zinaishika, na usipokausha kwa draya mpaka ndani, kichwa kinabaki na unyevu kutwa. Joto la Tanga mnalijua. Akifunga mtandio juu yake au akalala hivyohivyo, baada ya siku mbili kuna harufu na kuna muwasho. Mpe chai kabla ya kusuka, au baada ya kufumua. Katikati hapana.

Majani mengine sasa.

Mchaichai una harufu nzuri na wateja wanaupenda. Mabua matatu, yakatekate, maji nusu lita, yatokose dakika kumi kwa sababu ni magumu. Hauna tanini nyingi, kwa hiyo ni mpole kwa nywele kavu. Rosela, wengine mnaiita choya, ni kinyume chake: pH ya maji yake inafika karibu 3 au chini. Kijiko kimoja cha chakula cha maua makavu kwa lita nzima, na isikae zaidi ya dakika tatu, na isuuzwe. Inapaka wekundu, mkeka, kanzu na nywele nyeupe viwe mbali. Nanaa inapoza ngozi, haina makubwa. Kamomili inauzwa sasa madukani, lakini ni ya jamii moja na alizeti na pareto, na mtu anayewashwa na pareto huenda akawashwa nayo.

Majani ya mkunazi yanastahili heshima zaidi kuliko tunavyoyapa. Pwani yetu na Omani wamefulia nywele kwa mkunazi vizazi kwa vizazi, na Waislamu mnayajua pia kwa kuoshea maiti. Yana saponini, yaani yanatoa povu lenyewe. Kwa hiyo mkunazi ni wa kusafisha, unakaa mahali pa shampuu, si baada yake. Vijiko vitatu vya chakula vya unga wake, maji ya vuguvugu kikombe kimoja, koroga mpaka lipande povu, kisha chuja kwa kitambaa. Wanaopaka uji wake bila kuchuja wanatumia saa nzima kutoa mchanga wa majani kwenye nywele.

Uwatu ni mwingine. Kijiko kimoja cha chakula cha mbegu kwenye maji nusu lita, uache ulowe usiku kucha, asubuhi maji yamekuwa na utelezi. Utelezi huo ndio unaofungua mafundo, na hapa, tofauti na chai nyeusi, ruksa kuchana nao ukiwa kichwani. Chuja kabla haujawa mzito mno. Harufu yake inabaki siku mbili, mwambie mteja kabla hajaenda harusini. Na muulize kama karanga au dengu zinamdhuru. Uwatu ni jamii ya kunde, na mwenye mzio wa karanga anaweza kupatwa nao.

Halafu karafuu na rozmari, ambayo ndiyo habari ya mjini. Karafuu ina eujenoli, ndiyo inayotia ganzi jino linalouma, na ndiyo inayowasha ngozi. Kuna watu ambao ngozi yao haiivumilii kabisa. Video zinasema konzi moja. Karafuu tano au sita kwa nusu lita zinatosha sana, dakika kumi jikoni. Ukizidisha, mafuta yake yasiyoyeyuka yanatuama chini, kwa kuwa mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, na anayemaliziwa chupa ndiye anayeungua. Kamwe usipulizie maji ya karafuu kwenye kichwa kilichosukwa leo. Ngozi imevutwa, ina vijeraha usivyoviona, na mteja atakesha.

Rozmari, inayomea vizuri milimani Lushoto, imepata jina kutokana na utafiti uliofanywa Iran na kuchapishwa mwaka 2015. Watu 100 wenye upara wa kurithi waligawanywa, nusu wakapaka mafuta ya rozmari, nusu minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya asilimia 2. Baada ya miezi mitatu hakuna kilichobadilika. Baada ya miezi sita makundi yote mawili yalikuwa yameongezeka nywele, yakikaribiana. Angalieni vizuri: ni mafuta ya rozmari, si chai yake; ni kila siku kwa nusu mwaka; ni aina moja ya kupoteza nywele. Anayekuuzia chupa ya maji ya rozmari akikutajia utafiti huo, anakuuzia kitu kingine. Na msijaribu kuyatia mafuta hayo ndani ya chai ili kuipa nguvu. Mafuta na maji havichanganyiki, yataelea, na tone zima litatua mahali pamoja kichwani.

Yote haya, hata hivyo, hayadhuru watu kama chupa ya kupulizia inavyodhuru. Chai ni maji yenye chakula ndani yake, haina kihifadhi chochote. Kwa joto la nyuzi 30, bakteria na ukungu vinaanza kuzaliana siku hiyohiyo. Mtu anachemsha chupa ya nusu lita Jumamosi, anaiweka bafuni, anapulizia kichwa mpaka Jumamosi ya pili, na kuanzia siku ya tatu anapulizia vijidudu kwenye vinyweleo vilivyo wazi. Vipele vinatoka, usaha, muwasho. Anadhani ni dawa inafanya kazi, anaongeza. Kanuni ni hii: iliyo nje ya friji, itumike leo na kinachobaki kimwagwe. Iliyo ndani ya friji, kwenye chombo kilichooshwa kwa maji ya moto na kufunikwa, siku mbili, mwisho tatu. Kuongeza chumvi, ndimu au karafuu hakubadilishi hesabu hiyo. Ile midomo ya kupulizia nayo ina bomba ndani lisilooshwa na mtu. Utando unajenga humo, na chai mpya unayoimimina inachafuka dakika hiyohiyo.

Dalili za kuharibika ni harufu ya chachu, utelezi kwenye kuta za chupa, au vipande vinavyoelea. Ila jambo moja msichanganye: chai nyeusi safi ikiingia friji inaweza kupoteza mng'ao wake ikafifia kama maji ya mchele. Hiyo haijaharibika. Ni kafeini na tanini zimeshikana kwa baridi. Ipashe kidogo, ikirudi kung'aa, ni nzima. Iliyoharibika haitang'aa hata uipashe.

Kwa kila mteja mpya na kila jani jipya, paka kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, aende nalo nyumbani, arudi baada ya siku mbili. Najua saluni haina subira hiyo. Basi angalau mpe tone akiwa anafanyiwa kazi nyingine siku hiyo, chai aje kufanya safari ijayo.

Sasa wale msiotakiwa kuwagusa kwa chai kabisa. Mtoto mwenye mabaka ya mviringo yaliyonyonyoka nywele, yana magamba: hayo ni mapunye, mengine mnayaita mashilingi. Fangasi wake wameingia ndani ya unywele, na tiba yake ni vidonge kutoka hospitali kwa wiki kadhaa. Chai, mwarobaini, hata dawa ya kupaka peke yake, haimfikii. Mpeleke mama yake kwenye kituo cha afya, na vitana alivyoguswa navyo viloweke kwenye maji ya jiki.

Mama aliyejifungua miezi mitatu iliyopita, nywele zinatoka konzi konzi: hiyo ni kawaida ya uzazi, na kwa wengi hurudi zenyewe ndani ya mwaka. Ukimwagia chai, zitarudi, na utajisifu bure. Anayenyonyoka pembezoni, kwenye paji na juu ya masikio, huyo ametendwa na mikono yetu. Ni misuko ya kukaza. Akipumzishwa mapema, kwa misuko iliyolegea, nywele zinaweza kurudi. Akiendelea miaka, mizizi inakufa na kinabaki kipara kinachong'aa. Hakuna jani la kufufua hapo. Anayenyonyoka katikati ya utosi na kusikia kuungua au maumivu, hospitali, na mapema.

Bei, kwa kuwa mtaniuliza nje: majani ya gramu nne si pesa ya kuhesabu. Unachouza ni muda wako wa kama nusu saa, maji, taulo moja la rangi nyeusi na kondishena. Toza hivyo, kama nyongeza ya kuosha. Usiiandike kwenye ubao kama tiba. Andika kusuuza kwa chai, na vipimo vyake uvibandike ukutani karibu na sinki, msaidizi asikisie.

Mezani hapo tuna sufuria tatu: ya chai nyeusi, ya mchaichai na ya rosela, na karatasi za kupimia pH. Chukueni karatasi kila mmoja, chovyeni kwanza kwenye maji ya bomba, halafu kwenye kila sufuria, mwisho kwenye maji ya sabuni ya mche yaliyo kwenye lile beseni la kijani, mlinganishe rangi. Waliokuja na maji ya visima vyao kwenye chupa, nanyi sogeeni mbele tuyapime kabla jua halijawa kali.